Vibati Vilivyofutika

Akwi alikuwa na duka la kuchonga maandishi mjini Busia, upande wa Uganda, katika safu ya vyumba vinavyotazama barabara ya malori. Ukitaka ngao ya mashindano ya shule, kibao cha jina cha mlango wa ofisi, au msalaba wa mbao wenye jina la marehemu wako, ulimwendea yeye. Mashine yake ya leza, inayochoma maandishi kwa mwanga, ilikaa juu ya meza ukutani, na chini ya meza palikuwa na ndoo ya maji yenye pampu ndogo, maana tyubu inayotoa mwanga hupata joto na lazima maji yazunguke kuipoza. Mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Unachoona ni moshi, na moshi ule wa mbao ulikuwa umeingia kwenye nywele za Akwi, kwenye leso zake, hata kwenye chai aliyopika nyumbani.

Wateja walimwita Mama Daphine, kwa jina la binti yake aliyekuwa akisoma bweni Mbale. Mumewe, Obbo, mtu wa Mwello, alikuwa dereva wa lori, na maisha yake mengi yaliishia kwenye foleni ya mpaka wa Malaba, amelala chini ya trela akisubiri karatasi zigongwe muhuri. Akirudi alilala mchana kutwa. Akiamka aliondoka. Kwa hiyo duka lilikuwa la Akwi, na nyumba ilikuwa ya Akwi, na mgongo uliouma kila asubuhi kabla hajasimama sawasawa ulikuwa wake pia. Alikuwa amevuka miaka arobaini, na akiulizwa habari yake alijibu, "Niko tu."

Siku moja aliingia dukani muuguzi kutoka Tororo, Sista Awor, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, anayehudumia kliniki ya watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu ambao huku kila mtu huuita sikoseli. Alitazama ngao zilizopangwa rafuni, akagusa moja, kisha akauliza, "Mama Daphine, unaweza kuandika kwa chuma?"

"Kwa mbao naandika. Kwa plastiki naandika," Akwi alisema. "Chuma inarudisha mwanga, Sista. Haishiki kitu."

"Mimi nataka kibati ya kuvaa shingoni. Mtoto akianguka mahali, mtu asome hapo: huyu ana sikoseli, piga simu kwa mama yake. Ya plastiki tumejaribu, watoto wanatafuna. Ya karatasi unajua mwenyewe."

Akwi alitaka kukataa. Alikuwa na ngao za shule mbili hazijakamilika na umeme ulikuwa unakatika ovyo wiki ile. Lakini alipofungua mdomo alimkumbuka kaka yake Etyang, aliyekuwa akilia usiku akishika magoti, na wazee wakasema ni baridi ya mto, wengine wakasema ni watu wamemroga. Etyang alizikwa hajafika darasa la nne, na jina la ugonjwa wake Akwi alikuja kulisikia redioni akiwa tayari na mtoto wake mwenyewe.

"Wacha niulize," akasema.

Aliuliza ng'ambo, upande wa Kenya, kwa fundi mmoja aitwaye Osinya anayeandika vibao vya mashine za kusaga. Osinya alikuwa kijana mchangamfu, mwenye miwani ya kazi iliyosukumwa juu ya kipaji muda wote. Alimwonyesha kopo la unga wa kijivu.

"Hii ndiyo dawa, mathe. Unaichanganya na spiriti, unapaka kwa chuma, unaacha ikauke. Leza ikipita, joto linaibandika pale pale ilipopita. Ile ingine yote unaosha na maji. Inabaki maandishi meusi tii."

"Haitoki?"

"Ukipata seti poa, haitoki."

Kwa seti alimaanisha mambo mawili: nguvu ya mwanga, na kasi ya kupita kwake juu ya chuma. Osinya alimpa namba zake. Akwi alirudi nazo kichwani akiwa na kopo la dawa ndani ya mfuko wa sukari, na kesho yake akajaribu kwenye kipande cha stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Alipaka kwa brashi, akakausha, akapitisha leza, akaosha. Jina lilibaki, jeusi, limenyooka, zuri kuliko lolote alilowahi kuliandika. Alilifuta kwa kitambaa na halikusogea. Akapumua.

Sista Awor alimtumia majina kwa simu, kijiji kwa kijiji: kwanza watoto wa Nabuyoga, kisha wa Mwello, na wa Dabani mwisho. Akwi aliyafuata vivyo hivyo. Alianza asubuhi, na kibati cha mwisho kilitoka wakati jua la jioni linapiga ukuta wa duka. Alivifunga ndani ya gazeti, akavikabidhi, akarudi kwenye ngao zake.

Mvua zilikuja zikapita. Ndipo siku moja, katikati ya asubuhi, akaingia mwanamke ambaye Akwi hakumjua. Alikuwa mwembamba, vumbi la njia limempanda hadi magotini. Alisalimu kwa heshima, akakataa kiti, akafungua pindo la kanga na kuweka kitu kwenye meza. Kilikuwa kibati cha stenlesi chenye tundu la uzi. Kilikuwa kitupu kabisa, kinang'aa kama mgongo wa kijiko kipya.

"Mimi naitwa Alaso, wa Dabani," mwanamke alisema. "Mtoto wangu anaitwa Peace. Hapa palikuwa na jina yake."

Akwi alikichukua, akakigeuza. Upande wa pili nao ulikuwa mtupu.

Alaso alieleza bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchosha Akwi zaidi. Peace, mwenye miaka minane, alikuwa amevuka na shangazi yake kupeleka mihogo sokoni upande wa Kenya. Katika msongamano wakapoteana. Maumivu yakamshika huko huko, akaanguka kando ya wauza viatu. Watu wema wakambeba hadi zahanati. Daktari aliona uzi shingoni, akavuta kibati, akakisoma pande zote mbili, hakukuta neno. Mtoto alikuwa hawezi kusema, analia tu. Wakadhani ni malaria, wakaanza na malaria. Alilia mpaka sauti ikamwisha, na ilikuwa jioni shangazi alipompata kwa kuulizia mlango kwa mlango.

"Yuko namna gani sasa?" Akwi aliuliza.

"Anatembea. Mguu moja bado unauma." Alaso aliutazama mkono wa Akwi uliokishika kibati. "Sikuja kugombana, Mama Daphine. Nataka kujua tu. Hii kitu iliisha namna gani?"

"Ulikuwa unakiosha?"

"Si naosha? Mtoto anacheza kwa matope. Ninaosha kama sufuria, na majivu na mchanga."

Akwi alikaa kwenye stuli yake. Yeye alikuwa amejaribu kwa maji na kitambaa laini. Hakuna mtu Dabani anayeosha chuma kwa kitambaa laini. Na yeye mwenyewe, nyumbani kwake, hakuwahi. Akakiweka kibati mezani, akamtazama Alaso. "Nisamehe, mama."

Alaso aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji, akaenda zake. Kibati alikiacha mezani.

Siku ya kliniki Akwi alifunga duka, akapanda boda mpaka Tororo akiwa na majivu kwenye kikopo na waya wa kusugulia masufuria. Alimweleza Sista Awor yote. Muuguzi akasema, "Basi tuviangalie vyote." Wakakaa kwenye benchi la nje, na kila mtoto aliyefika alivuliwa kibati, kikasuguliwa mbele ya mama yake.

Cha kwanza kilikuwa cha mtoto wa Nabuyoga. Akwi alisugua mpaka vidole vikauma, na maandishi hayakutikisika. Cha pili vilevile. Vya Mwello vingine vilishika, vingine vilififia vikawa rangi ya chai. Vya Dabani viliondoka vyote, vingine kwa kupitishiwa dole tu lenye majivu. Akina mama walitazama majina ya watoto wao yakienda na maji ya kijivu. Akwi alitamani wamgombeze.

"Mashine ilikuwa moja?" Sista Awor aliuliza.

"Moja. Seti moja. Siku moja."

"Basi ni nini?"

"Sijui, Sista. Ningejua singekaa hapa."

Alirudi Busia na vibati vibovu mfukoni, na kwa siku nyingi baada ya hapo hakuwa mtu wa kuongea naye. Alikwenda tena kwa Osinya. Osinya aliviangalia kwenye mwanga, akacheka kwa huruma.

"Hiyo tyubu yako ni mzee, mathe. Imechoka. Ongeza nguvu, punguza kasi."

Aliongeza nguvu, akapunguza kasi. Maandishi yakatoka yamezungukwa na doa la hudhurungi, kama chakula kilichoshika chini ya sufuria. Dawa ikapasuka ikabanduka kwa magamba, na kibati chenyewe, kwa kuwa ni chembamba, kikajikunja kama jani kavu. Akapunguza. Yakatoka mazuri, yakafutika na majivu. Akaongeza kidogo. Doa likarudi.

Ndipo akaamua kuacha kubahatisha. Alikata kipande kikubwa cha bati lile lile la stenlesi, maana bati nene lisingejikunja, nalo lingemdanganya. Alikisafisha kwa spiriti mpaka hakina mafuta ya vidole. Akakipaka dawa, akaiagiza mashine ichome miraba midogo midogo, mstari kwa mstari: kila mstari ukishuka nguvu inapanda, na kila mraba kwenda kulia kasi inapungua. Kando ya kila mraba leza iliandika namba zake zenyewe. Alipoosha na kusugua kwa majivu, kona moja ya juu ilikuwa imefutika yote, kona ya chini ya upande wa pili imeungua, na katikati palikuwa na ukanda mwembamba wa miraba myeusi uliokatiza kwa mshazari. Hapo ndipo palipokuwa na jibu. Alichagua mraba mmoja wa katikati ya ukanda.

Wakati huo huo aliona kosa lingine. Mahali brashi yake ilipoacha michirizi minene, dawa ilikuwa imeshika juu juu tu. Joto halikufika chini kwenye chuma. Penye tabaka jembamba la sawasawa, ilishika kama imezaliwa nayo. Akaiweka brashi kando, akaazima kwa jirani yake anayepaka rangi pikipiki bunduki ndogo ya kupulizia. Alipuliza dawa nyepesi mpaka chuma kikaonekana kijivu kama mbingu ya mawingu mepesi, si zaidi.

Asubuhi iliyofuata alichoma vibati kadhaa kwa namba mpya. Majivu hayakuviweza, waya haukuviweza. Alikula mihogo yake ya mchana amesimama, kwa mara ya kwanza ana hamu ya chakula, akaendelea mchana. Alichotoa mchana kilifutika.

Alikisugua kingine. Kikafutika. Akalala na kichwa juu ya meza, shavu kwenye unga wa mbao, malori yakinguruma nje. Simu ililia, alikuwa Obbo, kutoka kwenye foleni.

"Umekula?" Obbo aliuliza.

"Nimekula."

"Sauti yako iko mbali."

"Mimi nimechoka, Baba Daphine. Hii kazi nitaiacha. Nitaandika misalaba tu. Mbao haina matata."

Obbo hakumwambia jipe moyo. Alingoja mtu aliyepiga honi nyuma yake amalize, kisha akasema, "Ukitaka kuacha, acha. Lakini usiamue na njaa na usingizi."

"Nimesema nimekula."

"Basi na usingizi."

Alipokata simu aliona mikono yake ilivyo myeusi kwa dawa. Mtungi wa maji ya kunawa ulikuwa mtupu, na bomba lilikuwa uani kwa jirani, mbali kwa mgongo wake. Akainama, akatumbukiza mikono kwenye ndoo iliyo chini ya meza, ile ya kupozea tyubu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga.

Alibaki ameinama vile vile. Asubuhi alikuwa ameijaza ndoo ile kwa maji yaliyolala nje, ya baridi ya kuuma. Yalizunguka kwenye tyubu tangu asubuhi, yakibeba joto na kulirudisha kwenye ndoo, na tyubu ilipozidi kupata moto ilizidi kuishiwa nguvu. Kwa mbao isingejulikana. Mbao huungua hata kwa mwanga dhaifu. Stenlesi haikusamehe. Watoto wa Nabuyoga walipata asubuhi. Dabani walipata jioni.

Hakufurahi kama mtu anavyodhani angefurahi. Alichohisi ni hasira, hasira ya polepole, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa miguuni pake tangu mwanzo na mguu wa Peace bado ulikuwa unauma. Alijipangusa mikono, akavuka barabara kwa Ariokot, mama anayeuza soda na samaki wa kugandisha, akamwomba amgandishie maji kwenye chupa.

"Za kunywa?" Ariokot aliuliza.

"Za mashine."

"Mashine yako inakunywa baridi na sisi tunakunywa moto," Ariokot alisema, lakini alizigandisha.

Tangu hapo kazi ilikuwa hivi: chupa za barafu ndani ya ndoo, mkono ndani ya maji kila baada ya vibati vichache, na yakianza kupoteza baridi anasimama, anabadilisha chupa, anangoja. Umeme ukikatika, anaanza upya kibati kilichoachwa katikati, maana leza haikubali kurudi kwenye mstari wake ule ule. Kazi aliyoimaliza siku moja hapo mwanzo ilimlia majuma. Asubuhi alianza kwa kuchoma upya miraba ya majaribio, kwa kuwa tyubu ilikuwa inaendelea kuzeeka na namba ya juzi haikuwa lazima iwe namba ya leo. Mara mbili ilibidi asogeze nguvu juu kidogo. Wateja wa ngao walilalamika, mmoja akachukua kazi yake akapeleka ng'ambo. Akwi alimfungia mbao zake vizuri kwa kamba, akamtakia safari njema.

Siku ya kliniki ilipofika alibeba vibati vyote ndani ya kikapu. Hakuvigawa. Alimwomba Sista Awor awaweke akina mama foleni, na kila mmoja alipopewa kibati cha mwanawe alipewa na kipande cha waya na majivu kwenye kiganja.

"Sugua," Akwi alisema.

"Si umeshasugua wewe?" mmoja aliuliza.

"Mimi nimesugua. Sasa sugua wewe, kama nyumbani."

Wakasugua. Ukumbi mdogo ulijaa mkwaruzo wa waya juu ya chuma, na watoto waliokuwa wakilia walinyamaza kusikiliza. Mwanamke mmoja wa Mwello alitumia nguvu hata kibati kikamkata kidole kidogo, akakinyonya kidole, akasoma jina la mwanawe kwa sauti, akacheka.

Alaso alikuja mwisho mwisho. Peace alitembea kando yake, akichechemea kidogo, mtoto mwenye macho ya njano na meno makubwa mapya. Alaso alipokea kibati, akaketi chini ukutani, akaanza kusugua. Alisugua upande huu, akageuza. Akatema mate juu yake, akaongeza majivu. Wenzake waliondoka, yeye anasugua. Akwi hakumzuia wala hakumtazama moja kwa moja. Alijishughulisha na kukunja magazeti.

Hatimaye Alaso aliinuka, akakiosha kwenye bomba, akampa Peace akisome. Mtoto alisoma herufi kwa herufi: jina lake, neno sikoseli, namba ya simu ya mama yake. Alaso akakifunga shingoni, akakaza fundo kwa meno.

"Hii imeshika," alimwambia Akwi.

"Ikianza kufifia hata kidogo, usingoje. Niletee."

"Nitaleta," Alaso alisema. Hakusema asante, na Akwi hakuitarajia. Lakini kabla ya kutoka Alaso alimshika Peace begani, akamgeuza. "Msalimie Mama Daphine."

Peace alipiga goti lake moja lililo zima, akamsalimu Akwi kwa Kiteso, lugha yao wote wawili. Akwi akaitikia, akamnyoshea uzi wa kibati shingoni.

Walipokwisha, Sista Awor alikuja na vikombe viwili vya chai ya rangi akakaa benchini kando yake. Alisema wenzake wa kliniki nyingine wameviona vibati, nao wanataka vya watoto wao. Akataja vijiji. Vilikuwa vingi.

"Tyubu yangu haina maisha mrefu, Sista," Akwi alisema. "Inaweza kufa kesho. Ikifa, ile mpya itakuwa na tabia yake. Nitaanza tena kutafuta."

"Utaanza?"

Akwi alifikiri. Alifikiria ndoo, na chupa, na miraba, na mgongo wake. "Sijui," akasema. "Leo usiniulize. Niulize wiki kesho."

"Sawa," Sista Awor alisema. "Kunywa chai."

Akwi alikunywa nusu. Nje akina mama walikuwa wakifunga watoto mgongoni na kuulizana nani anaelekea wapi. Aliegemeza kichwa ukutani apumzishe macho kidogo, kikombe kikiwa bado mkononi. Sista Awor alimsikia akipumua kwa uzito, akakitoa kikombe vidoleni mwake polepole, akakiweka sakafuni, na mhudumu alipokuja kufagia akamwonyesha kwa mkono aanzie upande ule mwingine.